Nyuma ya Mama Mapalo

"Mama Mapalo, nani alikuwa anapigana na weye leo asubui? Tulisikia makofi, lakini sauti ilikuwa moja tu."

Swali hilo Mama Germaine alilipitisha juu ya ukuta wa matofali unaotenga viwanja vya nyumba zao mtaani Bel-Air. Alikuwa na fagio mkononi, na uso wa mtu aliyekwisha kulijua jibu lakini anataka alisikie kwa kinywa cha mwenyewe. Mama Mapalo alikuwa ameinama juu ya beseni, ananawa. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka, na maji yalikuwa yamegeuka mekundu.

"Panya," akajibu. "Ilikuwa panya munene."

"Panya inapigwaka na ngumi?"

"Ile ilipigwa na ngumi."

Mama Germaine akacheka, akarudi kwenye kufagia kwake. Lakini panya hakuwepo. Upepo ndio uliousukuma mlango wa chumba nyuma ya mgongo wa Mama Mapalo wakati alipokuwa anajifunga kitenge, na mikono yake ikaanza kazi kabla kichwa hakijajua kuna nini. Aliupiga ule mlango mpaka ubao mmoja ukapasuka katikati. Alipoona kwamba ni mlango, aliketi chini kwenye sakafu, akasema Salamu Maria nzima bila kusikia neno lake hata moja.

Kwa Bel-Air yote alijulikana kwa kazi ya mikono hiyo. Alikuwa mama wa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na upande ule hakukuwa na mwanamke mwingine aliyesimama penye kisiki cha kukatia nyama mbele ya wanaume. Asubuhi mbuzi waliingia kwa miguu yao katika uwanja wa nganda yake, baa ya mtaani, wanalia, kamba shingoni. Alifanya alama ya msalaba, akamlaza mnyama, akamkandamiza ubavu kwa goti, akavuta kidevu nyuma, akapitisha kisu. Damu iliruka ndani ya sufuria kwa kishindo. Hakuna mbuzi aliyemtesa. Alikata mara moja, halafu akashika pembe na kungoja miguu iache kupiga. Baadaye ngozi, baadaye matumbo, baadaye shoka kwenye uti wa mgongo. Na jioni, moto umekolea na wateja wamejaa, alisimama kwenye kisiki akishusha kisu kikubwa kile, mifupa inapasuka, vipande vinarukia karatasi ya mfuko wa simenti, kitunguu pembeni, pilipili pembeni, na bonge la bukari, ugali wa kule.

Kisiki kilikaa katikati ya uwanja, wazi pande zote. Ndiyo desturi ya michopo. Mteja anachagua kipande chake kikiwa motoni, na anataka kukiona mpaka kinafika mezani, asije akabadilishiwa paja kwa shingo. Mkataji anayegeuzia ukuta mgongo watu wanamuuliza anaficha nini. Mama Mapalo alijaribu siku moja kukisogeza kisiki mpaka ukutani. Kabla ya jua kushuka meza mbili zilikwisha hama kwenda nganda ya jirani, akakirudisha mahali pake kwa kukibiringisha, peke yake, anatokwa na machozi na kusema ni moshi.

Maana yeye alikuwa na sababu ya kutaka ukuta nyuma yake.

Zamani kisiki kilikuwa cha bwana wake, Jean-Claude, mtu mpole wa mkono mwepesi. Jumamosi moja vijana wawili wa malori walikuja kunywa, wametoka kulala katika foleni ya mpakani Kasumbalesa, na wakaanza kushutumiana juu ya nani alimwibia mwenzake nafasi barabarani. Chupa ikavunjwa ukingoni mwa meza. Jean-Claude alichomeka kisu kwenye kisiki, kama wakataji wote walivyofanya siku zile, akaenda kuwaachanisha mikono mitupu. Kijana mmoja akazunguka nyuma yake, akaking'oa kile kisu. Alitaka kumpiga mwenzake. Pigo likamkuta Jean-Claude kati ya shingo na bega, kwa nyuma, hata hakuona ni nani.

Mama Mapalo alikuwa anaosha sahani. Alikimbia, akaziba jeraha kwa kitenge, kitenge kikalowa. Akaziba kwa viganja, damu ikapita kati ya vidole. Akaziba kwa kifua chake, akiwa amemlalia bwana wake kama mtu anayezima moto. Nyuma yake watu walikuwa wamemkamata yule kijana. Walimpiga kwa viti, kwa kreti za bia, kwa mawe ya jiko. Alisikia mifupa ikivunjika kwa mlio uleule wa mbuzi. Hakusema muache. Hakusema mupige. Alikuwa anasikiliza pumzi za Jean-Claude, na pumzi zikakatika.

Yule kijana hakufa. Alitoka pale na jicho moja, akapelekwa gerezani, na kila Ijumaa Mama Mapalo anamwombea kama padri alivyomwagiza, ameuma meno.

Tangu siku ile, kwenye kisiki hicho hakuna anayechomeka kisu. Kinakaa mkononi, au kinalazwa chini ya kitambaa. Hata walevi wanajua.

Matanga yalipoisha, Aristote, mdogo wake Jean-Claude, alikuja na viatu vipya. "Shemeki," akasema, "mwanamuke hawezi kukata mbuzi mbele ya banaume. Nitasimama mi."

Mama Mapalo alichukua kisu, akaenda kwenye kisiki, akakata mpaka jioni, halafu akamwekea shemeji yake sahani ya mbavu. Aristote akala, akafuta midomo. "Tutaona," akasema. Na kila juma alikuja kuona.

Alichokuja kukiona kilikuwepo kweli, ila Mama Mapalo alikificha. Woga ulikuwa umeingia mwilini mwake na kujenga. Kitu kikimgusa kwa nyuma, au kikimpitia tu karibu, moyo ulipiga mateke kama mbuzi ndani ya gunia, masikio yakaziba, na mkono ukaenda. Mbwa wa nganda aliwahi kupigwa teke mpaka akatema damu. Halafu ikawa zamu ya Alexis, dereva wa teksi, mteja wa siku nyingi, ambaye alimgusa bega akitaka pilipili. Kiwiko kikampata kinywani, jino likaanguka mezani.

Aristote alikuwa ameketi pale pale, kwa hiyo Mama Mapalo akaficha woga, akaweka mkono kiunoni. "Unagusaka mabega ya bibi ya nani vile?"

Watu wakaangua kicheko. Alexis naye akacheka, damu kidevuni. "Mama, nilitaka pilipili tu. Hii mi sikuagiza."

Hapo jina likazaliwa: Mama Makofi. Na mchezo ukazaliwa pamoja nalo. Walevi walimnyemelea kwa nyuma mmoja mmoja, wakagusa kamba ya aproni yake na kukimbia. Aliyekamatwa na kofi aliwanunulia wenzake bia. Mmoja alipasuliwa mdomo, mwingine alibebwa hajui yuko wapi, na wengine wakaja kutoka mitaa ya mbali kujaribu. Nganda ilijaa. Mama Mapalo alikuwa anakata nyama huku mgongo wake wote unasikiliza, na usiku mikono ilimuuma mpaka kwenye mabega.

Binti yake Kiki, kitindamimba, ndiye aliyegeuza nyama motoni na kupita na sinia. Alipita nyuma ya mama yake mara nyingi kwa siku moja, akiburuta kandambili kwa makusudi ili asikike. Walevi alikuwa anawamwagia maji ya vyombo. Siku ya ule mlango aliutazama ubao uliopasuka, akavitazama vidole vya mama yake.

"Mama, mulango ilikufanya nini?"

"Hakuna."

"Basi tuende kwa masista. Kama mulango haikufanya kintu, njo kusema ni weye."

Kwenye kituo cha afya cha masista kulikuwa na daktari kijana, Docta Elisée, aliyekuja siku za Alhamisi. Alimpima moyo, akampima damu, akamuuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, hata kwenye maungamo. Kiki ndiye alijibu mengi. Mwisho docta akavuta kiti karibu, lakini kwa mbele, ambapo anaonekana.

"Moyo yako iko muzima, mama. Ni woga njo inakupanda. Na kuko njia mbili. Moja ni kinini, kidonge ya kila siku, asubui. Inafanyaka kazi polepole, juma ya kwanza na ya pili unaweza hata kuona hakuna kintu. Unakunywa siku ya woga, unakunywa na siku hauna woga. Ingine ni kinini ya saa woga inapanda. Ile inashusha, kama nusu saa vile. Lakini inaletaka usingizi, haiendake na pombe, na hauwezi kuikunywa kila siku, sababu mwili itaizoea na itakuwa inaiomba. Na tena weye unatumikaka na kisu."

"Weye ungekamata gani?"

"Ya kila siku. Lakini mwili ni yako."

Mama Mapalo alifikiri juu ya mama mkwe wake marehemu, aliyetembea na mfuko wa dawa za sukari kila mahali, na watu wakampisha kiti kabla hajaomba. Akafikiri juu ya pua ya Aristote, inavyojua kunusa.

"Mi si mugonjwa kila siku, docta. Niko mugonjwa siku ya woga tu."

"Na ile woga inatumaka mutu mbele, akuambie inakuya?"

Kiki akacheka. Mama yake hakucheka. Akapewa alichochagua.

Kinini kilikaa mfukoni mwa aproni, kimefungwa ndani ya kipande cha karatasi. Mara ya kwanza woga ulipopanda, mkono ulikuwa umekwisha kumpiga mtu kabla haujafika mfukoni. Mara ya pili vilevile. Basi akaanza kubahatisha. Jioni moja aliona walevi wamezidi, akasema leo watanijia, akameza mapema. Wakati wateja wanaita, kope zikawa nzito, kisu kikawa kizito kama mlango, na kisiki kikaanza kusogea. Alishusha kisu. Hakuumwa hata kidogo. Ncha ya kidole chake cha mkono wa kushoto ilibaki pale kati ya vipande vya mbavu, na ukucha wake.

Alexis ndiye aliyeiona kwanza. "Mama," akasema taratibu, "hii ya huku usinipimie."

Walipomrudisha kwa Docta Elisée kidole kimefungwa, docta hakumgombeza. Alimpa kinini cha kila siku, akamweleza upya: asubuhi, kila asubuhi, asiache mwenyewe.

Mama Mapalo alisikia kila neno, na alitaka kutii. Lakini kila mtu anatii kwa njia anayoijua. Katika maisha yake, jambo zito la kufanywa kila siku lilikuwa na jina moja: neuvaine, sala ya siku tisa. Alipokuwa msichana aliona mama yake akimwombea baba yake aliyebanwa na behewa kwenye reli, siku tisa kwa mshumaa, na baba akasimama. Yeye mwenyewe alimpata Kiki kwa neuvaine. Basi akaweka vinini chini ya picha ya Mtakatifu Rita, akawasha mshumaa, akasali, akameza. Kesho yake tena. Alifanya kwa bidii kuliko mtu yeyote aliyewahi kupewa dawa pale kituoni.

Siku zile mvua ilishuka kama imetumwa. Mabati yalilia mchana kutwa, uwanja ukawa tope, wanywaji wakabaki kwao. Hakuna aliyemnyemelea. Siku ya tisa Mama Mapalo alisimama kwenye kisiki, akahisi mgongo wake mwepesi kama mgongo wa mtu mwingine. Alilia kwa furaha, akaenda kutoa shukrani kanisani. Neuvaine ilikuwa imesikilizwa. Kuendelea kumeza, aliona, ni kama kumwambia Mungu kwamba hajajibu.

Vinini vilivyobaki akampa Mama Germaine, aliyekuwa analalamika kwamba moyo wake unamkimbia. Mama Germaine alimeza kimoja, akatapika siku nzima, akavitupa vingine chooni.

"Mama, dawa iko wapi?" Kiki akauliza.

"Ilimalizika. Neuvaine iliisha."

"Docta alikuambia ni neuvaine?"

"Docta hakukataza."

Kiki akaliacha hapo. Mama yake alikuwa anaimba huku anasugua kisu, na ilikuwa siku nyingi hajamsikia anaimba.

Mvua ilipokatika, Jumapili, Bel-Air yote ilitoka nje na kiu. Hakukuwa na kiti. Moto ulikuwa mkubwa, mafuta yanaanguka na kuwaka, na Mama Mapalo alikuwa na paja zima juu ya kisiki. Mlevi mmoja wa koti la kijani akainuka na kuanza kunyemelea, wenzake wakimpigia miluzi. Kiki alimwona kutoka motoni. Aliweka sinia chini, akakimbia kumzuia, akajitia kati yake na mama yake, anaita.

Wakati huohuo ndege ilikuwa inashuka kwenda uwanja wa ndege wa Luano. Zinapita chini sana pale, mabati yanatetemeka, na kwa muda huo mtu hasikii hata kinywa chake mwenyewe. Mama Mapalo hakusikia kandambili, hakusikia wito. Alihisi kitu kinagusa aproni. Ulikuwa mkono wa Kiki, aliyesukumwa na mlevi.

Kisu kilikuwa juu tayari, kwa ajili ya lile paja. Hakikushuka kwenye kisiki.

Kilimfungua Kiki mkono wa kushoto kuanzia begani mpaka karibu na kiwiko. Kwanza pakaonekana peupe, halafu damu ikaja yote pamoja. Mama Mapalo alikuwa amekiinua kisu tena. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanaona mtoto. Ndege ikapita, kelele zikaisha, na katika ukimya ule Kiki akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, mi si mbuzi."

Kisu kikaanguka.

Sauti moja ikatoka mezani: ameua mutoto wake. Chupa ikarushwa, ikampasua Mama Mapalo juu ya sikio. Kiti kikafuata. Wale waliokuwa wanacheka sasa walikuwa wamesimama, na yule wa koti la kijani ndiye aliyekuwa na jiwe kubwa kuliko wote. Mama Mapalo hakujikinga. Alikuwa chini, ameufunga mkono wa Kiki kwa aproni, aproni ikalowa. Akafunga kwa viganja, akafunga kwa kifua. Anasikiliza pumzi. Mawe yakampiga mgongoni, mgongo uleule, na kwa mara ya kwanza mkono wake haukwenda popote, kwa sababu ulikuwa na kazi.

Alexis akaja na teksi mpaka katikati ya uwanja, anavunja viti kwa magurudumu. Mtu aliyesimama mbele ya lango akapigwa na mlango wa gari. Wakamtupa Kiki kiti cha nyuma, mama yake juu yake, na honi ikalia mpaka kwa masista.

Pumzi za Kiki hazikukatika. Alishonwa, nyuzi nyingi. Docta Elisée, waliyemwita kutoka kwake, alitoka na kumkuta Mama Mapalo kwenye benchi, damu imekauka juu yake kama rangi, yake na ya mtoto.

"Nilikunywa kama neuvaine," akasema kabla hajaulizwa. "Siku tisa. Njo nikaacha."

Docta akaketi. Kwa mbele.

"Nani alikuambia siku tisa?"

"Hakuna. Mi mwenyewe." Akakitazama kidole chake kifupi. "Kinini ya saa ya woga ilikuwa inanitaka nikimbie kupita mukono yangu. Siwezi, docta. Mukono yangu iko na mbio. Na asubui nasalaka. Hata nikiamuka muzuri nasalaka, sijiulizake kama jana Mungu alinisikia. Nipe ile ya kila siku, niiweke pale kwa sala ya asubui, si kwa neuvaine."

"Haitafanya kazi kesho."

"Najua sasa."

"Na kisu uache kwanza, mpaka mi niseme. Na siku utataka kuacha dawa, utakuya kuniambia, tutapunguza pamoja, polepole."

"Na kisiki?"

Docta hakuwa na dawa ya kisiki.

Siku chache baadaye, waliporudi kwenye nganda, Kiki mkono wake umefungwa kifuani, walisikia tangu barabarani mlio wa kisu. Aristote alikuwa kwenye kisiki. Alikuwa amevaa aproni mpya, anakata vibaya, vipande vikubwa vikubwa, na anahubiri.

"Ule mama iko na wazimu," alikuwa anawaambia watu. "Alianza na mbwa, akafika kwa mutoto. Mungengoja abauwe wote? Hii kisiki ni ya kaka yangu."

Aliwaona. Akatabasamu, na ili afute mikono vizuri, akakichomeka kisu kwenye kisiki.

Kikasimama pale, wima, kinatikisika kidogo. Wazee waliokuwepo Jumamosi ile ya Jean-Claude waliweka glasi chini. Alexis alisimama. Aristote aliwatazama mmoja mmoja, hajui amefanya nini, maana siku kaka yake alipokufa yeye hakuwepo, na tangu hapo alikuja kula tu.

Mama Mapalo alitembea mpaka kwenye kisiki. Akakishika kisu kwa mikono miwili, akaking'oa. Akakifuta kwa kitenge chake, upande na upande, na kuwageukia watu.

"Shemeki anasema kweli. Niko na ugonjwa. Si bazimu, ni woga, inanikamata tangu bwana yangu alikufa hapa. Niko nakunywa dawa, kila asubui, na nitaikunywa mbele yenu kama munataka."

Aristote alikuwa amezunguka. Hakupenda namna watu walivyokuwa wanasikiliza. Alikuja kwa nyuma, hatua pana, mkono mbele, kukinyakua kisu.

"Mama Mapalo," Kiki akaita, kwa jina, kama mteja. "Baba mudogo iko nyuma yako."

Moyo ulipiga teke. Masikio yakaanza kuziba. Lakini jina lilikuwa limefika kwanza, mbele ya woga, na mkono ukangoja. Aligeuka polepole akiwa ameshusha kisu kuelekea ardhini, akamtazama shemeji yake usoni. Aristote alisimama na mkono wake hewani. Mtu mmoja mezani akacheka kwa pua, na mkono ule ukarudi mfukoni.

Mama Mapalo akampa Kiki kisu, mpini mbele. Kiki akakipokea kwa mkono wa kulia, mzima, akasogea kwenye kisiki. Mama yake akaenda motoni, akashika uma wa kugeuzia nyama.

"Sasa," Aristote akasema, "mutoto wa mukono moja anakata, mugonjwa anachoma. Na sisi? Unataka tufanye nini, tukupigie magoti?"

Mama Mapalo aligeuza ubavu mmoja, akaufikiria. Alikuwa hajawahi kuomba kitu kwa watu wale. Aliwatazama wote, Alexis na pengo lake, na yule wa koti la kijani aliyekuwa anajificha nyuma ya chupa yake, na Aristote pia. Akasema:

"Bantu yangu, mukitaka kupita nyuma yangu, muniite jina kwanza. Ndege ya Luano ikipita, mungoje iishe, njo muniite."